Shoga, unga uache Malindi

Kochi, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za Bi Mkubwa mfikishie kabla hujazichukua zako. Sisi wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Kimya changu tutakigombania ukifika.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa jikoni, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ati Bi Mkubwa akija Juni kutibiwa goti atabeba mzigo wa unga? Na mchele juu yake? Mchele, Mwanaidi, kuuleta Kerala, huku kusini mwa India! Mwambie Bi Mkubwa kinachosafirishwa ni goti, jiko libaki.

Najua nani kamtia hofu. Athmani karudi kahadithia kwamba India ni dengu na chapati, samaki humwoni. Lakini Athmani alikuwa Delhi! Kutoka Delhi hadi hapa ni zaidi ya kilomita 2,000, na bahari hajaiona hata kwa dawa. Huku ni pwani, kila ua una mnazi wake, na wali ndio chakula. Kuna samaki wao wa tui, wanamwita meen moilee: tui jeupe, manjano kidogo, tangawizi, pilipili mbichi zilizopasuliwa tu, majani ya karipata, basi. Hachomi. Anakuja na appam, ya unga wa mchele na nazi uliochachuka, ukingo mwembamba mkavu, katikati nene laini. Aliyekulia vibibi hafundishwi kuila. Asipoila hiyo nitajua ni inadi.

Kitakachomkera mwanzo ni harufu. Wanakaangia mafuta ya nazi, yale yale tunayopaka nywele. Siku zangu za kwanza nilihisi nakula kichwa cha mtu. Inapita.

Halafu kuna ule mchuzi mwekundu. Huo ndio umenifunga huku, kazi ni kisingizio. Hawatii ukwaju, wanatia kudampuli, tunda lililokaushwa kwa moshi mpaka likawa jeusi, chachu yake ina moshi ndani. Unapikwa kwenye chungu cha udongo, na wenyewe wanakwambia ulale kwanza, uliwe kesho. Unaliwa na kappa. Kappa ni nini? Mihogo! Imechemshwa, ikapondwapondwa na nazi na manjano. Unaona sasa huo unga wako?

Ila wanaoupika vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kallu shaap, na hapo ndipo shida yetu ilipo, maana kallu ni tembo la mnazi, na shaap ni kilabu chake. Mangwe kabisa, shoga. Ipo moja maarufu, Mullapanthal, kule Udayamperoor nje kidogo ya mji, watu wanakwenda na familia kula tu. Bi Mkubwa hatapakanyaga, nami sina ubavu wa kumshawishi. Tutafungiwa, tule nyumbani. Usimwambie ulikotoka.

Sasa hiyo Juni yenu inanipa mawazo. Kusi mnalolijua nyinyi kwa mawimbi, huku linashuka na mvua, si mchezo. Na kuanzia usiku wa tarehe 9 Juni mpaka 31 Julai, siku 52, meli za kukokota nyavu zinazuiwa Kerala nzima ili samaki wazae. Mashua ndogo zinaendelea, lakini samaki wa baharini wanapungua na bei inapanda. Daktari hawezi kumpa tarehe ya Agosti? Kama haiwezekani, basi tutakula karimeen, maana huyo ni wa ziwa Vembanad, yale maji ya chumvi nusu. Anachanjwa, anakaangwa kidogo, anapakwa vitunguu na masala, kisha anafungwa kwenye jani la mgomba na kurudishwa kikaangoni. Ukilifungua jani mvuke unakupiga usoni. Miiba yake ni mingi, tutamchambulia.

Goti likipoa, lazima twende Kozhikode, mwendo wa saa nne hivi kwa treni. Wamappila wa kule ni Waislamu, kwa hiyo la halali hatauliza. Biriani yao wanapikia mchele wa kaima, punje fupi nyembamba, wanaupanga juu ya nyama, wanafunika, makaa mpaka juu ya kifuniko. Mchuzi hauji kando kama kwetu. Bi Mkubwa atasema hilo ni pilau lililojisahau. Usimbishie mbele ya watu. Nitawapeleka mkahawa wa Paragon, upo tangu 1939, foleni yake utaiona. Baadaye sulaimani, chai ya mkandaa na ndimu, ufukweni. Na nyinyi watu wa Malindi mna deni pale: si rubani aliyechukuliwa kwenu ndiye aliyemfikisha Vasco da Gama Kozhikode mwaka 1498? Kama wanakumbuka, nyamaza.

Shemeji naye umesema anataka Goa. Mwache aende peke yake, ila ale cafreal, kuku wa giligilani na pilipili mbichi. Inasemekana Wareno waliitoa Msumbiji, kwa hiyo atakuwa amelipa nauli kufuata kitu cha jirani.

Hospitali nayo, chakula chao cha wagonjwa... tutaongea.

Haya nijibu: mnashukia Kochi moja kwa moja au mnapitia Mumbai? Bi Mkubwa sukari yake ikoje, halwa nimfiche? Yule Zuhura bado anakuja au wameshagombana? Goti ni moja au yote mawili? Na ule unga ukiutoa, nafasi inayobaki utanijazia mabuyu, yale mekundu ya pilipili?

Wako,
Saumu