GIST si uvimbe wa kukatwa kwa pupa

Mhariri,

Ndugu wa mgonjwa mwenye GIST, aina ya saratani inayoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, huuliza uvimbe utatolewa lini. Waulize kwanza utatolewaje, kwa sababu hapo ndipo maisha huokolewa au kupotea.

GIST haianzii kwenye utando wa ndani wa tumbo kama saratani iliyozoeleka. Huanzia ndani ya msuli, kwenye seli za Cajal zinazoongoza mwendo wa tumbo na utumbo. Mara nyingi uvimbe wenyewe ni laini, umejaa damu, na ganda lake ni jembamba. Ukibanwa kwa koleo hupasuka, seli zikamwagika kwenye fumbatio, yaani uwazi wa ndani wenye tumbo na utumbo, na ugonjwa hurudi kwa karibu kila aliyepasukiwa, hata kama hakikubaki kipande kinachoonekana. Mpasuaji makini hushika ukuta wa tumbo, hagusi uvimbe. Huukata ukiwa mzima pamoja na ukingo mdogo wa nyama salama, na akipitia matundu madogo huutia kwenye mfuko kabla ya kuutoa. Tezi za limfu kwa kawaida huachwa, kwani GIST hukimbilia ini na utando wa fumbatio. Kwa hiyo kumwondolea mtu tumbo lote, wakati kipande kingetosha, ni kumtesa bure.

Uvimbe ukiwa mkubwa, au umekaa pabaya kama kwenye duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) au puru (mwisho wa utumbo mpana), kisu kingoje. Imatinibu, dawa ya kumeza inayozuia uvimbe huu kukua, miligramu 400 kwa siku, kwa miezi 6 hadi 12, huweza kuusinyaza hadi kiungo kikaokolewa. Lakini kwanza kinyama cha uvimbe kichukuliwe, ikiwezekana kwa ultrasaundi ya endoskopia (mpira wenye kamera na ultrasaundi unaopitishwa mwilini), na jeni zake zipimwe: wenye badiliko la D842V kwenye jeni ya PDGFRA hawasaidiwi na dawa hii, na kungoja kwao ni kupoteza muda.

Baada ya upasuaji, dai ripoti inayotaja ukubwa, mahali, idadi ya seli zinazogawanyika katika milimita za mraba 5, na kama uvimbe ulipasuka. Hilo la mwisho mpasuaji aliandike mwenyewe bila kuficha. Uvimbe wa utumbo mwembamba ni hatari kuliko wa tumbo wenye ukubwa uleule.

Mwenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, ikiwa jeni za uvimbe wake zinaonyesha utaitikia dawa, humeza imatinibu miaka 3. Wengi huacha wakijiona wazima, kumbe dawa ilikuwa imeuzuia tu. Hata akimaliza, CT skani ziendelee, na ziwe za karibu zaidi miaka 2 ya kwanza, maana ugonjwa hupenda kurudi dawa inapokoma.

Daktari wa upasuaji