Barua ya kufunga muhula: simu moja, watoto wanne

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za nyumbani. Leo tunafunga muhula salama. Ripoti ya mtoto imo ndani ya bahasha hii. Mchango wa uji na wa mlinzi una karatasi yake, sitaugusa hapa. Barua hii ni ya simu.

Maneno yanayozunguka mtaani nayajua. Mzazi mmoja alikuja ofisini, akakataa kiti, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome au aje achezee simu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka yote sisi ndio tuliokuwa tukiwanyang'anya watoto simu, leo tunawapa wenyewe. Siku ile tulijibizana zaidi ya kuelewana, ndiyo maana leo nashika kalamu.

Marufuku iko palepale: mtoto haji na simu shuleni. Zinazotumika ni simu tisa kuukuu za shule, nyingine zina nyufa kioo kizima, hazina laini, na zinalala kabatini kwangu. Ufunguo ninao mimi.

Kila simu hushikwa na watoto wanne, na hata tungekuwa nazo arobaini ningewapanga hivyo hivyo. Mwaka 1999, huko New Delhi, mtafiti wa elimu Sugata Mitra alitoboa ukuta wa ofisi uliopakana na mtaa wa watu maskini, akapachika kompyuta pale, akawaacha watoto waitumie bila mwalimu. Wakafundishana. Mimi sikubaliani naye anapomsogeza mwalimu pembeni (utasema najitetea, na ni kweli), lakini hili nimelishuhudia: mtoto mmoja na simu yake huzama humo akanyamaza. Wanne hubishana, na mabishano yao ndiyo ninayoyataka.

Tena India ni mbali. Hapahapa mkoani kwetu Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti zenye programu za kujifunzia kusoma katika vijiji vipatavyo 170, zikichajiwa kwa jua, kwa watoto karibu 3,000 ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani. Mwanzoni, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Ni kazi kubwa. Ila mimi ni mwalimu, jicho langu huenda kwa ile nusu iliyobaki. Tableti haina namna ya kumwona mtoto aliyekuja na njaa.

Kwa hiyo sisi tumegeuza mambo. Mtoto wetu haangalii kilichotengenezwa na wengine, anatengeneza yeye. Darasa la Sita walikwenda kuwarekodi wazee wa jirani, dakika tano tano, kisha wakarudi darasani kuandika neno kwa neno walichosikia. Babu mmoja alisema, "Nilikaa korona miaka kumi na moja." Darasa zima likaangua kicheko, wakidhani mzee ameugua muda wote huo. Ikabidi warudi kumuuliza. Akawaeleza korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, jani linaingia huku, singa zinatoka kule, na kelele zake ndizo zilizomwachia sikio moja. Wameandika kurasa nne, na kwa mara ya kwanza nimeona watoto wakigombania mahali pa kuweka nukta: wanarudisha sauti nyuma, wanasikiliza mzee alipovuta pumzi. Kwa daftari la imla sijawahi kupata hilo.

Darasa la Tano walinirekodi mimi nikifundisha desimali. Niliwaambia watafute mahali walipopotea. Wakapata: niliruka hatua nzima nilipohamisha nukta. Wakaongeza, bila kuombwa, kwamba nimesema "sawasawa?" mara 41 na hakuna hata mara moja niliyosubiri jibu. Walimu wenzangu wamecheka wiki nzima. Nimelifundisha upya somo lile.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Siku ya kufungua simu zilizokufa ili waone matumbo yake, tulikuta betri moja imevimba kama andazi, na mtoto alikuwa tayari na bisibisi mkononi. Nilisimamisha zoezi. Kosa lilikuwa langu, sikuzikagua kabla. Litaendelea tukimpata fundi wa kukaa nao.

Likizo hii, kila mtoto wa Darasa la Nne hadi la Sita atamrekodi mtu mzima mmoja akieleza kazi ya mikono yake: kukuna nazi, kushona wavu, kuziba pancha. Atumie simu yako, mbele yako, kisha aandike kwenye daftari. Nyumba isiyo na simu, asikilize na kuandika kwa kumbukumbu. Alama ni zilezile. Naomba usimsahihishie tahajia.

Tukifungua Januari, daftari hilo ndilo nitakalolidai getini.

Wako katika malezi,
Mwalimu Mkuu

N.B. Mwenye simu mbovu nyumbani atuletee, lakini betri aitoe kwanza.