Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2024/2025: Watoto Wetu Ndani ya Hesabu za Montgomery

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Kwa wengine, habari za tangu mkutano uliopita. Najua wapo kati yenu watakaosoma taarifa hii wakitoka zamu ya usiku, na wengine wataisoma ndani ya basi wakienda kazini. Nawashukuru mapema kwa subira yenu.

Mapato na matumizi nimemwachia mhazini, ambaye taarifa yake imeambatanishwa na hii. Mwaka huu nina jambo moja linalonikaa rohoni, na naomba nafasi ya kulieleza.

Sisi ni wazazi tunaozungumza Kiswahili, tumetoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi na kwingineko, na watoto wetu wanasoma katika shule za umma za Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland. Wengi tulihamia kaunti hii kwa sababu ya shule. Tuliambiwa ni nzuri, tukakubali kodi ya nyumba inayotuumiza, tukashika kazi mbili. Baada ya hapo wengi tulitulia. Tukajiambia mtoto ameshaingia shule nzuri, basi kazi imekwisha. Mwaka mzima nimekuwa nikikutana na wazazi waliogundua wamechelewa, mtoto yuko darasa la tisa na njia nyingi zimeshaamuliwa bila wao kujua. Sifa ya kaunti ni ya kaunti. Mtoto wako ana hesabu zake.

Kaunti yenyewe

Shule za Umma za Kaunti ya Montgomery, au MCPS kama tunavyoziita, zina wanafunzi wapatao 160,000 katika shule zaidi ya 200. Ni mfumo mkubwa kuliko yote Maryland na mmojawapo wa mikubwa ishirini ya kwanza Marekani. Bado watu wanaiona kama sehemu ya matajiri waliojenga pembezoni mwa Washington, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 picha hiyo ilikuwa na ukweli: takriban wanafunzi tisa katika kila kumi walikuwa Wazungu. Leo hakuna kundi lililofika nusu. Walatino ni kama theluthi moja, Wazungu karibu robo, Weusi wamezidi kidogo moja ya tano, Waasia ni kama 14 katika kila mia. Zaidi ya wanafunzi wanne katika kumi wanastahili chakula cha bure au cha bei nafuu, na karibu mmoja katika watano bado anajifunza Kiingereza. Watoto wetu si wageni katika picha hii. Wao ni sehemu ya picha yenyewe.

Wengi wenu mmewahi kufika ofisi za MCPS pale Hungerford Drive, Rockville, kwa sababu ya usajili au rufaa. Jengo lile linaitwa Carver. Lilifunguliwa mwaka 1951 likiwa shule ya sekondari ya wanafunzi Weusi, kwa sababu wakati huo mtoto Mweusi hakuruhusiwa kusoma na Mzungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi huo mwaka 1954. Kaunti ilianza kuchanganya shule 1955 na ikamaliza 1961. Kabla ya hapo, mwaka 1936, mwalimu Mweusi wa Rockville aitwaye William Gibbs alidai alipwe sawa na Wazungu, maana walimu Weusi walikuwa wakipokea karibu nusu. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji Mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu. Mwaka 1937 kaunti ilikubali kusawazisha mishahara. Leo kuna shule ya msingi Germantown yenye jina la Gibbs, na baadhi ya watoto wa chama hiki wanaishi jirani nayo.

Nayasema haya kwa sababu mara nyingine kwenye vikao vyetu nasikia maneno ya kujitenga na Wamarekani Weusi, eti sisi ni wengine. Mlango tuliopitia waliufungua wao, na kwa gharama kubwa. Naomba maneno hayo tuyaache.

Kisanduku kimoja

Pamoja na hayo, lipo tatizo la kweli la hesabu. Fomu ya usajili ina kisanduku kimoja cha Weusi. Ndani yake wamo wajukuu wa watu walioachiwa huru hapa hapa Montgomery karne ya 19, watoto wa Wahabeshi wa Silver Spring, wa Wanaijeria, wa Wajamaika, na binti wa Mkongo aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hadi darasa la nne. Matokeo yakitoka, wote wanajumlishwa katika namba moja tu. Binti huyo akishindwa kusoma kwa sababu alikosa shule miaka miwili, namba haimwoni. Kijana aliyezaliwa Wheaton, mama yake ni muuguzi na anaongoza darasa, naye haonekani.

Kisanduku hicho ni muhimu, msinielewe vibaya. Bila kuhesabu kwa rangi, ubaguzi unajificha. Katika mtihani wa jimbo wa mwaka 2024, Maryland nzima ilikuwa na wanafunzi 48 hivi katika mia waliofikia kiwango cha Kiingereza, na 24 tu katika hisabati. Montgomery iko juu ya wastani huo. Lakini humo humo Montgomery, watoto wa Kiasia na wa Kizungu wako mbele sana, na Weusi na Walatino wako nyuma sana, tena kwa miaka mingi, chini ya wakurugenzi wakuu tofauti. Wastani wa kaunti unapandishwa na shule za Bethesda na Potomac, maeneo ya wenye uwezo. Mzazi wa White Oak, eneo la kipato cha chini, akiusoma wastani huo hasomi habari za mwanawe.

Shule gani, na jirani gani

Hapa naomba nikae kidogo. Tangu mwaka 1974 kaunti hii ina sheria inayomlazimu anayejenga mtaa mkubwa wa nyumba atenge sehemu kwa watu wa kipato cha kawaida, na taasisi ya nyumba ya kaunti inaweza kununua baadhi ya nyumba hizo na kuzipangisha kwa familia maskini. Familia zilipewa nyumba kwa bahati nasibu, hazikuchagua mtaa. Kwa hiyo mtafiti Heather Schwartz alipata nafasi ambayo ni adimu. Alifuatilia watoto wa nyumba hizo kati ya 2001 na 2007, waliokuwa na hali sawa ya umaskini, huku wengine wakiwa wameangukia shule zenye maskini wachache na wengine shule zenye maskini wengi. Matokeo yake yalitoka 2010. Hadi kumaliza shule ya msingi, watoto maskini waliosoma katika shule zenye nafuu zaidi walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo la hisabati kati yao na wanafunzi wasio maskini wa kaunti, na kwa theluthi pengo la kusoma.

Miaka hiyo hiyo mkurugenzi mkuu Jerry Weast alikuwa ameigawa kaunti katika eneo jekundu lenye uhitaji na eneo la kijani lenye nafuu, akapeleka fedha zaidi kwenye jekundu, madarasa yenye watoto wachache na chekechea ya siku nzima. Hatua hizo zilisaidia. Hata hivyo watoto wale waliokaa shule za nafuu waliwapita wenzao wa eneo jekundu waliopewa fedha zaidi.

Sisi hatuwezi wote kuhama. Wala sitaki mwanachama yeyote aone haya kwa mtaa anaoishi. Watoto wa shule za Springbrook na Kennedy hawana upungufu wowote wa akili, na walimu wengi huko wanajitolea kuliko wanavyolipwa. Ninachotaka tukielewe ni kwamba mistari ya mipaka ya shule inayochorwa Rockville, inayoamua mtoto wa mtaa gani asome shule gani, ni jambo zito kuliko tamasha lolote tunaloandaa. Mwaka huu wa 2024/2025 MCPS, chini ya mkurugenzi mkuu Thomas Taylor aliyeshika kazi 2024, ilianza mapitio ya mipaka yanayohusu shule za sekondari za Woodward na Crown. Kwenye mikutano ya wananchi niliyohudhuria, Kiswahili sikukisikia ukumbini hata mara moja. Walioongea walikuwa wale wale wanaoongea siku zote, na wanasikilizwa kwa sababu wapo.

Wengi wetu bado hatuna uraia, kwa hiyo hatuchagui wajumbe wa Bodi ya Elimu. Lakini bodi ina wajumbe wanane, na mmoja wao ni mwanafunzi, anayechaguliwa na wanafunzi wa shule za kati na za sekondari, na ana kura hata kwenye mipaka. Watoto wetu wana kura ambayo sisi hatuna. Waulizeni walimpigia nani na kwa nini.

Safari za Desemba

Hili litawaudhi baadhi yenu, nalisema kwa mapenzi. Mwaka wa masomo Maryland ni siku 180. Mtoto akikosa siku 18, kwa ruhusa au bila ruhusa, anahesabiwa kuwa mkosaji sugu wa masomo. Tukikata tiketi ya kwenda nyumbani kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba hadi mwisho wa Januari kwa sababu nauli inashuka, tumemaliza siku hizo kwa safari moja. Naelewa. Bibi anazeeka, msiba hausubiri, na tiketi tano si pesa ndogo. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwanangu alipokuwa darasa la sita. Aliporudi, darasa lilikuwa limeshavuka sehemu na uwiano, ambavyo vyote ni misingi ya aljebra, na ilituchukua mwaka na nusu kuziba lile shimo. Likizo ya kiangazi nauli ni ghali zaidi. Tuanze kuweka akiba mapema, na kamati iko tayari kusaidia kupanga mchango wa zamu kwa ajili hiyo.

Lugha ya nyumbani

Wakati wa kusajili, mzazi anaulizwa lugha inayozungumzwa nyumbani. Nimegundua wengi tunaandika Kiingereza. Wengine wanaogopa mtoto atarudishwa nyuma, wengine wanaona aibu. Jibu hilo halimlindi mtoto. Ukiandika Kiswahili, mtoto anapimwa Kiingereza chake. Akiwa anakijua vizuri, anaendelea na darasa lake. Akihitaji msaada, anapewa mwalimu, na kila mwaka anapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika mpaka atakapohitimu. Na kaunti inahesabu lugha kwa fomu hizo hizo. Barua zake kubwa hutoka kwa lugha kama Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kikorea, Kivietinamu na Kiamhari. Ndugu zetu Wahabeshi walifika hapo kwa sababu walijaza lugha yao bila kuogopa. Sisi tunajifuta wenyewe, kisha tunalalamika hatuonekani.

Jambo la mkalimani nalo linanisumbua. Mmoja wa mama zetu aliitwa shuleni kuhusu kijana wake, na aliyetafsiri alikuwa kijana mwenyewe. Mama alitoka akiamini mambo ni mazuri. Miezi mitatu baadaye alipokea barua kuwa mtoto hatapata krediti za kutosha, yaani alama za masomo aliyofaulu, kuvuka darasa. Yule mwalimu hakuwa na nia mbaya, wala yule mtoto hakuwa mhalifu, ni mtoto aliyeogopa. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inaitaka shule imletee mzazi mkalimani, bila malipo. Ombeni mapema, kwa simu au kwa maandishi, na msikubali mtoto akae kwenye kiti hicho.

Kwa wanaodhani Kiswahili kinamchelewesha mtoto: tangu 2016 Maryland ina sheria ya muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kuhitimu, kwa mwanafunzi anayethibitisha umahiri wa Kiingereza na wa lugha nyingine. Kijana anayeweza kumwandikia babu yake barua kamili ya Kiswahili ana kitu cha kuonyesha chuoni. Darasa letu la Jumamosi limeanza kufundisha kuandika, si kuongea tu, na namshukuru kwa dhati kila mwalimu wetu wa kujitolea.

Kazi za mwaka ujao

Darasa la Jumamosi litaongeza hisabati ya darasa la nne na la tano. Watoto wote wa darasa la tatu hupitiwa alama zao kwa ajili ya madarasa ya kina, yaani yenye masomo mazito kuliko ya kawaida, na wanaofikia kiwango huingizwa kwenye bahati nasibu. Barua ya nafasi ikija nyumbani ina siku za mwisho za kujibu, na mwaka huu familia mbili ziliikuta kwenye rundo la matangazo siku zimeshapita. Katibu atatuma ukumbusho kwenye kundi la simu kila barua hizo zinapotoka.

Naomba pia wanachama wawili, mmoja wa Germantown na mmoja wa upande wa Silver Spring, wajitolee kuhudhuria vikao vya mipaka kwa zamu na kutuletea mrejesho. Chama kitalipa nauli.

Na kabla ya kuondoka siku ya mkutano, kila mzazi apitie kwa katibu akiwa na simu yake. Tutafungua pamoja ukurasa wa mtoto wake, tuangalie siku alizokosa, alama yake ya kusoma na ya hisabati, na lugha iliyoandikwa kwenye usajili. Ikihitaji kubadilishwa, fomu zitakuwa mezani, na kalamu pia.

Mwenyekiti