Msizike chemba chini ya vigae

Ndugu Mhariri,

Masika yakikaribia hapa Dar es Salaam, mafundi wa kuzibua vyoo hutafutwa kila mtaa. Naomba nafasi niseme na wenye nyumba, hasa wanaojenga au wanaopamba ua: tafadhali msizike chemba.

Chemba, kile kishimo chenye mfuniko uani, ndiyo mlango wa bomba la majitaka lililo chini ya ardhi. Ikifunikwa kwa zege ili ua upendeze, siku bomba likiziba fundi anabahatisha, na vigae vinavunjwa mahali pasipo na tatizo. Kama mnataka vigae, vibandikeni juu ya mfuniko wenyewe, wekeni vishikio viwili vya chuma, na kingo zijazeni mchanga badala ya saruji.

Chemba zikifunguka, kutafuta kizuizi ni kazi ya dakika chache. Anzieni iliyo karibu na choo. Ikiwa imejaa na inayofuata ni kavu, bomba limeziba kati ya hizo mbili. Zikiwa zimejaa zote, tatizo liko mwisho wa njia: karo, yaani shimo linalopokea majitaka ya choo, limejaa au bomba la kuliingilia limeziba. Fito za kuzibulia zizungusheni kulia tu. Mkizungusha kushoto zinaachana kwenye maungio na kipande kinabaki bombani. Takataka zidakeni kwenye chemba inayofuata kuelekea karo, la sivyo zitaenda kuziba mbele. Na asishuke mtu ndani ya karo hata kidogo. Hewa yake huua kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa hufa naye.

Kosa la pili ni kuelekeza maji ya paa kwenye chemba. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linashusha lita 5,000. Maji hayo hulijaza karo kwa muda mfupi, kisha yanarudi ndani kupitia tundu la bafuni, kwa kuwa ndilo la chini kuliko yote. Ubaya mwingine hauonekani: tope la karo linakorogwa na kusukumwa hadi shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo yanywewe na ardhi, linaziba udongo pembeni. Gari la majitaka litalivuta tope la karo, lakini udongo ule haufufuki kwa kuvuta. Mara nyingi itabidi kuchimba shimo jipya.

Jikoni, adui ni mafuta, machicha ya nazi na mchanga wa kusugulia masufuria. Mchanga unatulia sakafuni mwa bomba, mafuta yanaganda juu yake, machicha yananasa hapo, na bomba la inchi 2 linabaki na njia ya kidole. Maji ya moto hayasaidii. Yanayahamisha mafuta mita chache mbele, yanagandia huko. Futeni sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, na wekeni kichujio kwenye tundu la sinki. Pampasi, pedi na vitambaa vya kufutia watoto visiingie chooni kabisa, hata kama pakiti inasema vinaruhusiwa.

Msimwage asidi ya betri. Inamuunguza mtu, na ikifika kwenye karo inaua vijidudu vinavyooza kinyesi.

Kwa wanaojenga: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita 1, na mpime kwa pima maji kabla ya kufukia. Likilala, kinyesi kinabaki njiani. Kona ya digrii 90 iwe ndani ya chemba, au itumie elbo (viungo vya kona) mbili za digrii 45. Sakafu ya chemba ichongwe mfereji wa nusu duara uliosilibwa laini. Sakafu bapa hugeuka dampo.

Ukaguzi ufanyeni Februari, ardhi ikiwa bado kavu. Mwageni ndoo ya maji chooni huku mwenzenu anachungulia chemba: yakipita mara moja, njia ni safi, yakisita na kupanda, zibueni wiki hiyohiyo.

Fundi bomba,
Dar es Salaam