Barua kwa Rehema kabla ya mtihani wa TSIA2

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Natumaini joto la Houston mmeanza kulizoea.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema chuo kimekupa nafasi, siku ya mtihani wa kupima kiwango ni wiki tatu zijazo, na unauliza usome nini ili usifeli. Nianze na neno hilo hilo, kwa sababu linawatia watu hofu bure. TSIA2, huo mtihani wa kupima kiwango wa vyuo vya Texas, haina kufeli. Texas inataka kujua jambo moja tu: uingie moja kwa moja kwenye masomo ya chuo yenye krediti, au uongezewe darasa la msaada. Ila usije ukaenda mikono mitupu kwa kuwa hakuna kufeli. Darasa la msaada linalipiwa kama darasa lingine lolote, krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada yako, na linakula saa ambazo mtu wa zamu za usiku mwenye watoto wawili hana. Wiki tatu zinatosha kabisa, ukizitumia kwa mpangilio.

Kabla hujafungua daftari, muulize mshauri wa masomo kama unalazimika kuufanya. Mwenye alama za kutosha za SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, huruka sehemu husika, na anayesomea cheti kifupi kisichozidi krediti 42 haulizwi kabisa. Wewe unataka shahada ya miaka miwili ya uuguzi, kwa hiyo nadhani utaufanya, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Muulize pia programu yako inadai somo gani la hesabu, maana MATH 1314 ni aljebra na MATH 1342 ni takwimu, na ni njia mbili tofauti. Na TEAS au HESI utakayosikia wanafunzi wa uuguzi wakiitaja ni mtihani mwingine kabisa, wa kuingia kwenye programu yenyewe baadaye. Usianze kusomea huo sasa.

Kuna jambo la pale kwenye meza ya uandikishaji usilikalie kimya. Ukisema umetoka Tanzania, mara nyingi mtu wa uandikishaji atawaza Kiingereza cha wageni na kukuelekeza kwenye mtihani wa namna hiyo. Mwambie kwa adabu kwamba sekondari yetu, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, hufundishwa kwa Kiingereza, na umwonyeshe cheti. Kama Kiingereza chako kweli kimelala, madarasa hayo ni mazuri, wala si aibu kuyachukua. Ila uyachague wewe, usichaguliwe kwa sababu ya lafudhi.

Kisha kuna zoezi la lazima mtandaoni kabla ya mtihani, wanaliita Pre-Assessment Activity. Linaeleza mtihani ulivyo na kukupa maswali machache ya mfano. Likiisha, hifadhi uthibitisho na uuchapishe. Bila huo unaweza kurudishwa mlangoni, na kazini umeshaomba ruhusa.

Sasa mtihani wenyewe. Una sehemu mbili: hesabu maswali 20, na Kiingereza maswali 30 pamoja na insha. Alama huanzia 910 hadi 990. Kwa hesabu unatafuta 950. Kwa Kiingereza unatafuta 945, na insha ipate angalau 5 kati ya 8. Hakuna saa inayokukimbiza. Kompyuta hubadilisha ugumu kadiri unavyojibu: ukipatia, linalofuata huwa gumu zaidi. Kwa hiyo ukiona maswali yanazidi kukaza, tulia, ni dalili njema. Ukishathibitisha jibu huwezi kurudi nyuma, na huwezi kuruka swali ulirudie mwisho kama tulivyozoea kwenye karatasi. Kila swali lisome mara mbili kabla ya kubonyeza.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo soma kwa makini. Ukikosa kufika 950 kwenye hesabu, au 945 kwenye Kiingereza, kompyuta haisimami. Inakuletea maswali mengine 48 ya kuchunguza ulipo udhaifu wako. Mtu aliyechoka akiona 48 anadhani mambo yameshaharibika, anaanza kubonyeza ovyo ili aondoke. Kumbe hiyo ni nafasi ya pili! Matokeo ya maswali hayo hupangwa katika ngazi 1 hadi 6, na ukifika ngazi ya 6 kwenye hesabu unahesabiwa uko tayari kwa chuo, hata kama alama ya kwanza ilikuwa 930. Kwa Kiingereza ngazi ya 5 inatosha, mradi insha imepata 5. Kwa hiyo usipange kwenda kazini siku hiyo. Na kama kituo kinaruhusu, fanya hesabu siku moja na Kiingereza siku nyingine. Akili iliyopitia maswali 68 ya hesabu haiandiki insha nzuri.

Kwenye hesabu, kati ya yale maswali 20, yapo 6 ya namba, uwiano na asilimia, 7 ya aljebra, 3 ya jiometria na vipimo, na 4 ya takwimu na uwezekano. Ukilinganisha na hesabu zetu za Kidato cha Nne, weka kando matrices, vectors, linear programming na ile mada ya dunia kama tufe. Nguvu zako zipeleke kwenye sehemu, asilimia, milinganyo ya mstari, milinganyo ya kipeo cha pili, Pythagoras, sine na cosine za pembetatu mraba, wastani na median, na uwezekano. Kikokotoo chako hakiruhusiwi. Kipo cha kwenye skrini, lakini hutokea kwa baadhi ya maswali tu, kwa hiyo kujumlisha 3/8 na 5/12 kwa mkono ni lazima ukurudie.

Tatizo kubwa la mtu aliyesoma kwetu ni msamiati, hesabu yenyewe anaijua. Tulifundishwa kwa Kiingereza cha Uingereza, na mtihani unaongea cha Marekani. Uliyoijua kama gradient, hapa ni slope. Ule mstari wetu y = mx + c utaukuta umeandikwa y = mx + b. Indices ni exponents, surds ni radicals, simultaneous equations ni system of equations, HCF ni GCF, na standard form ya namba kubwa ni scientific notation. Ukiambiwa solve for x, ni kule kufanya x kuwa subject. Angalia sana trapezium: umbo letu lenye pande mbili sambamba wao huliita trapezoid, na trapezium yao haina pande sambamba hata moja. Andika maneno haya kwenye kadi, uyapitie ukiwa kwenye basi.

Jingine ni MAGAZIJUTO, ule mpangilio wetu wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ilitufaa shule ya msingi, lakini ina mitego miwili. Kwanza, inakufanya udhani kujumlisha hutangulia kutoa. Kwenye 10 − 4 + 3, mwenye kuifuata neno kwa neno hujumlisha 4 na 3, akapata 10 − 7 = 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na unatoka kushoto kwenda kulia. Kuzidisha na kugawanya ni hivyo hivyo. Pili, haina vipeo ndani yake, na vipeo hufanywa baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha. Ndiyo maana −3² ni −9, lakini (−3)² ni 9. Mitihani hupenda sana kutega pale.

Vipimo navyo vitakusumbua wiki ya kwanza: futi ni inchi 12, yadi ni futi 3, maili ni futi 5,280, paundi ni aunsi 16, galoni ni kwati 4. Kosa la kawaida ni kwenye eneo. Yadi ya mraba moja ni futi za mraba 9, si 3, kwa sababu unazidisha 3 kwa 3. Kwa asilimia una shule ya bure kila ukienda dukani, maana bei ya kibandikoni haina kodi. Viatu vya dola 80 vyenye punguzo la 25% ni dola 60. Kodi ya Houston ni 8.25%, yaani dola 4.95, jumla 64.95. Fanya hesabu hiyo kichwani kabla hujafika kwa keshia, kila siku.

Tuje kwenye Kiingereza. Maswali ya kusoma yanataka jibu lililomo kwenye kifungu. Kifungu kikizungumzia malaria au ufugaji wa nyuki, wewe unajua mengi kuliko mwandishi, na ujuzi huo ndio utakaokupoteza. Jibu sahihi ni lile unaloweza kuwekea kidole kwenye mstari fulani. Jibu lenye maneno kama always au never lishuku kwanza, mara nyingi limezidisha alichosema mwandishi.

Maswali ya kuandika yanapima sentensi, na Kiswahili chetu hapo kinatutega. Sisi husema: nilifika, sikumkuta, nikaondoka. Ni sentensi safi kabisa. Ukiipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza, vitenzi vitatu vikatenganishwa kwa mikato mitupu, ni kosa, na mtihani hulitafuta kosa hilo mara kwa mara. Sentensi mbili kamili zitenganishe kwa nukta, kwa nukta-mkato, au kwa mkato unaofuatwa na kiunganishi kama and au but. La pili ni he na she. Kwa kuwa sisi kiambishi a- kinamtosha mwanamume na mwanamke, mkono huandika he kwa mama mzazi bila kujua. La tatu ni s ya kitenzi kiima kinapokuwa mbali nacho, kama the list of items is. Hapo kiima ni orodha, si vitu vilivyomo.

Insha ni maneno 300 hadi 600, unachapa kwenye kompyuta, bila kamusi na bila kusahihishiwa tahajia. Unapewa hoja, unatakiwa uchague upande. Shuleni tulizoea kuanza na methali, tukizungukazunguka, hoja tukiiacha hadi mwisho. Huku wanataka msimamo wako kwenye aya ya kwanza, waziwazi. Aya ya pili toa sababu moja na mfano mahususi, wenye mahali na kitu kinachoonekana. Aya ya tatu sababu nyingine na mfano wake. Ya nne taja asemacho anayekupinga, umjibu. Funga kwa sentensi mbili au tatu. Lenga maneno 400 hivi. Insha fupi mno au iliyotoka nje ya mada hupewa sifuri hata Kiingereza kikiwa kizuri. Acha dakika kumi za kuisoma upya ukitafuta mikato, he na she, na zile s.

Wiki tatu zigawe hivi. Leo au kesho, kabla hujasoma chochote, fanya maswali ya mfano ya TSIA2 ya bure kwenye tovuti ya College Board, shirika linaloutoa mtihani huu. Orodhesha uliyokosa na uandike sababu: hukuijua mada, hukulielewa neno, au uliharakisha. Dawa ya kila moja ni tofauti. Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 45 za hesabu kila siku kabla ya zamu, si baada yake. Masomo ya mtandaoni ya Khan Academy yanatosha, hulipii. Siku tatu kwa wiki andika insha, ukiichapa kwenye kompyuta, usitumie simu, maana vidole visivyozoea kibodi hupoteza fikra katikati. Wiki ya tatu rudia maswali ya mfano, halafu ushughulike na yale tu unayoendelea kuyakosa. Siku ya mwisho lala.

Asubuhi ya mtihani beba kitambulisho cha serikali chenye picha, jina lake lifanane herufi kwa herufi na lile ulilojiandikishia. Sisi wenye majina matatu hukwama hapo sana. Simu utaiacha nje. Karatasi ya rafu watakupa wao, itumie bila ubahili.

Matokeo yakitoka chini ya kiwango, usikubali kuambiwa tu kwamba utaanza na kozi za maandalizi. Uliza kuhusu corequisite: unasoma ENGL 1301, yaani somo la kwanza la uandishi wa Kiingereza chuoni, au hesabu yako ya chuo muhula huo huo, pamoja na darasa la msaada pembeni. Uliza pia kuhusu kurudia mtihani, maana kila kituo kina ada yake na muda wake wa kusubiri. Ukiipita sehemu moja, hiyo imekwisha. Unarudia iliyobaki peke yake, na alama zako hudumu miaka mitano.

Ukimaliza maswali ya mfano, yapige picha yale uliyoyakosa kwenye hesabu pamoja na rafu yako, unitumie. Usinitumie majibu peke yake. Nataka nione ulipoanza kupotea.

Wasalimie wote.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura