Tonge la kamera na daftari la kijiji

Ndugu Mhariri,

Wanasiasa wa siku hizi, na watangazaji waliogeuka wanasiasa, wamejua kutuigizia uswahiba. Mtu anakaa jamvini sokoni Mgandini, anakunja mikono ya kanzu, anakula muhogo na mama lishe, nasi twasema huyu ndiye mwenzetu. Itazameni video ya mlo huo bila sauti. Kinasa sauti kimebanwa ndani ya kola. Kwenye tonge la kwanza kivuli cha nguzo kiko kushoto, la pili kimehamia kulia: wamerudia mpaka jua limepinduka. Na sahani haipungui!

Kura tupige, ni haki yetu. Lakini kura ni siku moja katika miaka 5, na mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi 3. Huko Muheza na Mkinga, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Kinachoharibu ni kwamba suala la fedha huachiwa "mengineyo", watu wamekwishaondoka. Mpelekeeni mtendaji barua wiki moja kabla, mkiomba mapato na matumizi yawe ajenda inayojitegemea, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Yakisomwa, ulizeni salio la mwanzo, makusanyo, malipo na stakabadhi zake, kisha salio la benki. Jumla tupu msiikubali kabisa. Hakikisheni majibu yameingia kwenye muhtasari, maana mkutano unaofuata huanzia hapo.

Wasomaji wenu,
Ngamiani, Tanga