Barua kwa Mama Wambui: vidonge vya Ouma

Kondele, Kisumu
Jumapili usiku

Mpendwa Mama Wambui,

Salamu nyingi, na za watoto, na pole kwa baridi ya Nakuru. Sisi tu wazima. Nisamehe kimya cha tangu Pasaka. Kila nilipoanza kuandika niliacha, maana habari ni ya mdogo wangu Ouma na sikutaka kukupa nusu nusu.

Unakumbuka ile saratani yake ya damu ilivyokuwa imetulia. Imatinibu, miligramu 400 kila siku, pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji, basi. Mwaka jana kipimo cha BCR-ABL, yaani jeni ya ugonjwa huo kwenye damu, kilishuka chini ya asilimia 0.1, Mama akachinja kuku. Mwezi uliopita kimepanda hadi 3.4. Wakarudia, jibu likawa lile lile.

Daktari hakubadilisha dawa, na hapo ndipo nyumba ilipowaka. Baba mdogo ameshafungua kundi la WhatsApp la michango, anataka tununue dasatinibu kwa sababu kuna muumini wa kanisani kwao imemkubali. Daktari amekataa. Anataka kwanza damu ipelekwe maabara jeni yenyewe isomwe. Alinieleza polepole, akanichorea hadi nyuma ya faili. Ugonjwa huu ulianza pale kromosomu ya 9 na ya 22 zilipokatika zikabadilishana vipande, ikatokea protini inayoziamrisha seli nyeupe zizaliane bila kupumzika. Imatinibu huingia kwenye kijishimo cha protini hiyo, ikainyamazisha. Sasa herufi moja tu ya jeni ikibadilika, kijishimo nacho hubadilika umbo, dawa ikakosa pa kukaa. Na mabadiliko yenyewe ni mengi, kila moja na jina lake la herufi na namba. Likiwa F317L, ile dasatinibu ya baba mdogo ni pesa tumetupa ziwani, afadhali nilotinibu. Likiwa Y253H, nilotinibu ndiyo ya kuepuka. Likiwa T315I, zote tatu hazifui dafu, itabidi ponatinibu au asiminibu. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mama naye aliposikia "jeni" akaanza kuwalilia wajukuu. Nimemweleza mara tatu kwamba mabadiliko haya yametokea ndani ya uboho wa Ouma mwenyewe, hakuzaliwa nayo, na hawezi kuwarithisha watoto. Anaitikia kwa kichwa, kisha jioni ananiuliza tena. Na wakwe wameshaanza kusema damu ya ukoo wetu ina doa! Hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Lakini sikukuandikia kwa hayo.

Daktari alimuuliza Ouma: umewahi kuruka dawa? Akajibu hajawahi, hata siku moja. Nilikuwa nimekaa kando yake. Jumanne nikapita gereji kwake kuazima spana, nikafungua kopo la Kimbo analowekea nati. Mama Wambui, vidonge. Nimevihesabu mara mbili. Ni 41.

Najua kwa nini. Misuli ya miguu humkaza usiku hadi analia, na asubuhi macho huvimba, wateja wanasema fundi ameamka amelewa. Mtu asiyegusa hata busaa! Angesema, daktari angemtafutia njia. Sasa angalia: kipimo kinaweza kupanda bila jeni kubadilika hata kidogo, kwa sababu tu dawa haikumezwa. Majibu yakirudi bila badiliko lolote, daktari ataamini imatinibu imemshinda, ampe dawa nyingine, labda yenye ukali wake (ponatinibu inaweza kuziba mishipa ya damu), kumbe imatinibu haikupewa nafasi. Na badiliko likiwepo kweli, dawa mpya nayo itaingia kopo lile lile.

Ndiyo maana nakuomba uongee naye. Mimi akinisikia anaona dada mkubwa anafoka tu. Wewe anakusikia, tangu ile siku uliyomrudisha shuleni kwa miguu. Kliniki ni tarehe 14. Sitaki asemewe, nataka aseme yeye, kwa mdomo wake, mbele ya daktari. Kopo usilitaje. Au labda ulitaje, hata sijui...

Utampigia simu, au unaweza kufika? Nimwambie mkewe au ningoje? Yule mzee wenu wa presha, mlifanyaje hadi akaacha kuruka dawa, mlikuwa mnamhesabia? Je, nimekosea kunyamaza pale kwa daktari? Na nauli ya kutoka huko sasa ni ngapi, nikutumie?

Wako,
Atieno

N.B. Vidonge nimevirudisha koponi kama vilivyokuwa. Sikumwambia mtu ila wewe.